Betri ya Inverta: Inunue kwa Hesabu, Ilishe kwa Wakati

Katika maswali yanayotufikia kutoka Kihoto, Karagita na mji wa Naivasha kwa jumla, hakuna linalorudiwa kama hili: ninunue betri gani ya inverta, na mbona ile niliyoinunua mwaka juzi, kwa fedha nyingi na kwa dhamana ya maneno matamu, imekwisha nguvu kabla ya wakati wake? Wengine huuliza kwa ghadhabu, wakidhani wamepunjwa; baadhi yao kweli wamepunjwa, lakini walio wengi waliuziwa kitu kizima wakakiua wenyewe pasipo kujua.

Mgeni aweza kustaajabu kwamba swali hili linaulizwa hapa, ilhali Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981, iko upande wa pili wa ziwa. Mwenyeji hastaajabu. Stima ya Olkaria huingia kwanza katika gridi ya taifa, ndipo ikarejea kwetu kwa njia ya nyaya na transfoma zilizoelemewa. Na usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, gridi hiyo ilipoanguka, giza halikuuliza ni nani anayekaa karibu na mvuke.

Neno moja nitalisema mapema, na yatakayofuata yatalizunguka hilo. Betri nyingi za inverta haziuawi na uzee wala na taksiri ya kiwanda, bali huuawa na mambo mawili yanayokwenda pamoja: kutumiwa mpaka chini kabisa, kisha kuachwa katika hali hiyo siku nzima, au wiki nzima, bila kujazwa.

Anza na karatasi kabla ya kwenda dukani

Usimwendee muuzaji ukamwuliza, "Betri nzuri ni ipi?" kwa kuwa atakuonyesha iliyokaa sana kwenye rafu yake. Mwendee ukiwa na hesabu. Andika kila kitu unachotaka kiendelee kufanya kazi stima ikipotea, na wati zake, ambazo aghalabu zimeandikwa nyuma ya chombo au chini yake. Tuchukue nyumba ya kawaida:

- taa tano za wati 9 kila moja: 45
- runinga: 60
- kisimbuzi: 15
- ruta ya intaneti: 10
- simu tatu zikichajiwa: 30

Jumla ni wati 160. Ukitaka vyote hivi vidumu saa nne, zidisha: wati-saa 640. Inverta nayo hula chakula chake katika kugeuza umeme, basi gawanya kwa 0.85 upate kama 753. Hicho ndicho kiasi ambacho betri itatoa kweli.

Sasa iko kanuni ambayo wauzaji wengi huinyamazia. Betri ya risasi na asidi, hata iliyotengenezwa kwa kazi ya sola, haifai kutumiwa kupita nusu ya ujazo wake kama unataka ikae miaka. Kwa hiyo ile 753 iongeze mara mbili, iwe kama 1,506, kisha gawanya kwa volti 12; utapata ampea-saa (Ah) 125 na ushei. Nunua ya Ah 150. Kwa betri ya lithiamu, ambayo yaweza kutumiwa hadi asilimia 80 bila kuumia, hesabu hiyo hiyo huangukia karibu na Ah 78, na betri ya Ah 100 itakutosha kwa nafasi.

Msomaji atasema: "Mbona jirani yangu anawasha na friji kwa betri kama hiyo?" Yamkini anawasha, lakini muulize kwa muda gani, na amebadilisha betri mara ngapi. Friji ya nyumbani huenda ikala wati 100 au 150 tu inapokwenda, lakini mara inapojiwasha huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho, na inverta ndogo hushindwa papo hapo. Ama pasi, birika la umeme, jiko la umeme na shawa ya maji moto, hivyo viondoe katika orodha bila huruma.

Na kwa wakazi wa kando ya ziwa, taa ya nje iingie hesabuni. Anayekaa Kihoto hana haja ya kuambiwa na mwandishi ni kwa nini haifai kwenda msalani gizani mahali ambapo viboko hupanda usiku kutafuta majani.

Aina za betri, kwa ufupi

*Betri ya gari.* Hii si ya inverta. Sahani zake ni nyembamba, zimefanywa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha zijazwe tena mara moja. Ukiifanyisha kazi ya kutoa kidogo kidogo usiku kucha, itakuhudumia miezi michache, kisha itakuaga. Urahisi wa bei yake ni wa siku ya kwanza tu.

*Betri ya sola ya maji.* Ina vifuniko vya kufungua na huongezwa maji. Ni ngumu, husamehe makosa mengi, na bei yake ni nafuu. Lakini hutoa hewa ya haidrojeni inapochajiwa, na hiyo hushika moto kwa cheche ndogo. Haifai kabisa kukaa katika chumba cha kulala, wala karibu na jiko la makaa au la gesi.

*Betri iliyofungwa.* Ziko za jeli na ziko za asidi iliyonywewa na kitambaa. Haziongezwi maji, na kwa mpangaji wa chumba kimoja ni afadhali kuliko ile ya maji. Ubaya wake ni kwamba hazivumilii kuchajiwa kwa volti za kupita kiasi, na jeli ndiyo dhaifu zaidi kwa hilo. Maji yake yakitoka hayarudishiki.

*Lithiamu.* Inayouzwa kwa kazi za nyumbani aghalabu ni ile ya chuma na fosfeti, ambayo ni tulivu kuliko lithiamu ya simu. Kwa wenye hofu ya mlipuko: hofu hiyo iwekwe kwa betri zilizounganishwa uchochoroni kwa seli zilizokwisha kutumika, zisizo na saketi ya ulinzi ndani yake. Iliyo kamili, yenye saketi yake na dhamana ya maandishi, ni salama. Bei yake ya mwanzo ni kubwa. Lakini anayepotelewa na stima kila wiki huirudisha bei hiyo kwa miaka, na ambaye hupotelewa mara moja kwa mwezi pengine hataiona faida yake, basi na achukue ile ya maji.

Dukani: usidanganywe

Mambo haya yaangalie mwenyewe, tena kwa utaratibu, hata kama muuzaji anakuhimiza.

1. Uzito. Risasi haifichiki. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 huwa na uzito wa karibu kilo 30, na ile ya Ah 200 huvuka kilo 50. Ukiona ya Ah 200 inayobebwa kwa mkono mmoja na kijana wa duka, nayo si lithiamu, ujue namba iliyoandikwa juu si yake.

2. Saa za kipimo. Soma maandishi madogo. Betri moja ikipimwa kwa kutoa umeme wake katika saa 20 hupata namba fulani. Ikipimwa kwa saa 100, polepole zaidi, hupata namba kubwa kuliko hiyo. Wengine huiandika hii ya pili kwa herufi kubwa. Linganisha betri mbili kwa saa sawa, au usizilinganishe.

3. Tarehe ya kutengenezwa. Betri ya risasi hupoteza nguvu ikikaa tu. Iliyokaa rafuni zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa imekwisha kuanza kuharibika kabla hujailipia.

4. Volti. Mwambie muuzaji aipime mbele yako. Iliyo chini ya 12.5 ikiwa mpya, iache.

5. Dhamana. Iandikwe katika risiti, pamoja na namba ya betri, na ieleze inafunika nini. Dhamana nyingi hufa mara betri inapokutwa imeharibiwa kwa kuishiwa kabisa.

Kuhusu betri za mitumba zilizotolewa katika milingoti ya simu, zinazouzwa kwa nusu ya bei au chini yake: hizo zilitolewa huko kwa kuwa mwenyewe aliona zimechoka. Ukilazimika kununua, usiridhike na volti, kwani hata iliyokufa huweza kuonyesha 12.6. Dai ifungwe taa ya wati 50 au zaidi kwa saa nzima mbele yako, na volti zipimwe tena taa ikiwa bado inawaka. Zikianguka kwa kasi, ondoka.

Fundi wa kuifunga naye mchague vilevile. Kwa kazi ya sola, mafundi hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, na mwenye leseni haoni haya kuionyesha.

Kuifunga

Waya za kutoka kwenye betri ziwe nene na fupi. Inverta ya wati 1,000 kwa volti 12 huweza kuvuta karibu ampea 100, na waya mwembamba utapata moto, uyeyuke, na uchome nyumba. Tumia waya wa shaba wa milimita mraba 35, wenye fyuzi karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri. Fyuzi hii huachwa mara nyingi ili kupunguza gharama, na ni upumbavu.

Usichanganye betri mpya na ya zamani, wala aina mbili, wala ukubwa tofauti, katika mfumo mmoja: ile dhaifu huivuta chini ile yenye afya, na zote mbili hufa mapema.

Halafu kuna jambo ambalo nalitaja kwa hadhari kubwa. Wako watu wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, wakachomeka upande mmoja kwenye inverta na wa pili kwenye soketi ya ukutani, ili nyumba nzima iwake. Plagi iliyo wazi katika waya huo ina umeme wa volti 240 juu ya meno yake. Tena ikiwa swichi kuu haikuzimwa, umeme hutoka nje mpaka kwenye nguzo, ambako fundi wa stima yuko juu akiamini waya umekufa. Weka swichi ya kubadilishia, ama chomeka vyombo vyako moja kwa moja kwenye inverta.

Kuijaza: hapa ndipo betri nyingi hufia

Mwanamke mmoja alileta betri kwa fundi mjini, akaibwaga mezani.

"Fundi, niambie ukweli. Niliuziwa takataka?"

Fundi akafungua kifuniko, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Sahani, ambazo zingepaswa kuwa za kahawia iliyokoza na kijivu safi, zilikuwa zimefunikwa na unga mweupe kama ukungu wa mkate.

"Hapana, mama. Stima ikirudi huwa unafanyaje?"

"Nazima ile swichi ya ukutani. Inamaliza tokeni."

Unga ule mweupe ni chumvi ya risasi, ambayo huzaliwa kila betri inapotoa umeme na huyeyuka inapojazwa. Ila ikiachwa siku nyingi huwa fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu hiyo ya betri haitafanya kazi milele. Sasa tazama tokeni alizokuwa akiziokoa: kujaza upya umeme ule wa saa nne tuliouhesabu hapo juu hakuzidi sana yuniti moja. Kwa yuniti moja mtu ameiua betri yenye thamani ya mshahara.

Basi shika haya:

- Stima ikirudi, betri ianze kuchajiwa saa ile ile, na isikatishwe mpaka ijae. Kwa betri ya risasi asilimia 20 za mwisho huchukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Usiku mzima si mwingi.
- Chaja iwe na nguvu ya kutosha. Kwa betri ya risasi iwe kati ya asilimia 10 na 20 ya Ah zake. Ya Ah 150 yataka ampea 15 hadi 30. Chaja ya ampea 5 haitaijaza kabla stima haijapotea tena.
- Chaja au inverta iwekwe kwenye aina halisi ya betri uliyo nayo. Kwa betri ya maji, kuchajiwa kwa volti 14.4 kisha kushikwa kwa 13.6 hivi ni sawa. Jeli hutaka kidogo chini ya hapo. Fuata karatasi ya kiwanda.
- Inverta nyingi hujizima betri ikifika volti 10.5. Kwa betri ya risasi huko ni chini mno. Kama mashine yako inaruhusu, weka 11.8, kama hairuhusu, zima kwa mkono.
- Inverta inayowaka bila kazi yoyote hula wati 10 hadi 30. Mkienda kulala gizani, izimeni.

Anayetumia sola afanye hesabu ya paneli kama alivyofanya ya betri. Paneli ya wati 200, kwa jua la saa tano na baada ya kutoa hasara za njiani, hurudisha kama 700, yaani inakosa kidogo kuufikia mfano wetu. Chukua ya 300, kwa sababu Julai mawingu ya bonde hili huweza kukaa kutwa nzima.

Matunzo ya kila mwezi

Betri ya maji ifunguliwe mara moja kwa mwezi. Maji yafunike sahani kwa kiasi cha sentimita moja. Ongeza baada ya kuchaji, kwa maana maji hupanda wakati wa kuchaji na yangefurika. Ila ukikuta sahani zimeachwa wazi, zifunike kwanza kidogo, ndipo uchaji.

Ongeza maji gani? Maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa petroli stesheni kwa ajili ya betri, na si mengine. Maji ya visima vya huku yana madini tele, floridi ikiwa mojawapo, na mwenye shaka na atazame meno ya waliokua wakiyanywa. Madini hayo hayo huzichafua sahani. Wala usiongeze asidi. Asidi haikupungua, kilichopungua ni maji. Ukiongeza asidi utazila sahani.

Vichwa vya betri vikiota unga wa kijani au mweupe, toa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, usugue kwa mswaki wa zamani na magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, ukichunga yasipenye ndani ya betri. Suuza, kausha, kaza, upake vaselini. Unaporudisha, hasi iwe ya mwisho. Pete na saa ya chuma vivue kabla hujaanza. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, na kama ni jichoni, endelea kuosha kwa robo saa kisha nenda hospitali.

Pima volti baada ya betri kupumzika saa kadhaa, haichajiwi wala haitumiwi. Kwa ya risasi: 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Ikishuka chini ya 12.0 umekwisha kuvuka mpaka. Kwa lithiamu vipimo hivi havina maana, kwani volti zake husimama karibu mahali pamoja mpaka dakika za mwisho. Nunua kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Joto ni adui ambaye huku kwetu, kwa bahati njema, hana nguvu nyingi. Betri ya risasi inayopikwa katika joto la Mombasa huzeeka haraka kuliko iliyo Naivasha, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,900. Hata hivyo usiiweke chini ya bati pasipo dari, wala dirishani jua linapopiga.

Ziwa likipanda

Kihoto ilifurikiwa 2020, na ikafurikiwa tena 2025 hata watu wakahamishwa kwa mashua. Kwa hiyo ushauri wa vitabu usemao betri ikae sakafuni penye ubaridi, sisi hatuufuati. Ijengewe meza ya mbao nene au ya chuma, kimo cha kifua, ikiwa imefungwa kwa mkanda isianguke, kwa kuwa kilo 40 zikimwangukia mtoto hazina mjadala. Inverta iwe juu ya betri ya kufungwa au ya lithiamu, au kando yake. Juu ya betri ya maji usiiweke kamwe, kwa sababu ya ile hewa.

Maji yakianza kuingia uani, usingoje:

- zima inverta na swichi kuu ungali umesimama pakavu;
- toa hasi, toa chanya, funika vichwa kwa utepe;
- betri iondoke pamoja na vyeti na magodoro, ibebwe wima na watu wawili.

Ukikuta maji yamekwisha kuifikia, usiingie majini kuifuata. Lithiamu iliyozama isiwashwe tena kabla fundi hajaifungua. Ya maji iliyoingiwa na maji ya ziwa ihesabu kuwa chuma chakavu.

Ikifa kweli

Betri ya risasi haitupwi jaani, haivunjwi uani, wala asidi yake haimwagwi katika mtaro unaoelekea ziwani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walikaa miaka kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri, risasi ikawaingia wao na watoto wao. Mwanaharakati Phyllis Omido akaipeleka kesi yao mbele, na Julai 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu iliyotenguliwa katika rufaa kisha ikarejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Risasi hiyo hiyo imo ndani ya betri yako.

Usimpe mpita njia mwenye mkokoteni. Irudishe kwa muuzaji wa betri mpya, umwulize kabla ya kulipa atakukatia kiasi gani kwa ya zamani. Ipeleke ikiwa nzima, wima, vifuniko vimekazwa na maji yake yakiwa ndani, na uisimamie ikipimwa, kwa kuwa risasi hununuliwa kwa kilo.